Madebe Manane ya Mafuta ya Taa

Ukitaka nikusimulie habari ya mafuta ya taa, kaa chini na usiniharakishe. Mimi ni mtu wa hasira, kila mtu hapa Kasindi, upande wa Kongo, anajua, na wengine wanasema nilizaliwa nayo. Wanakosea. Kidogo nilizaliwa nayo, kweli, lakini nyingi niliipatia ng'ambo ya mto, kule Bwera ya Uganda, mwaka wa sabini. Imepita miaka minane sasa na mengi nimeyasahau, ila asubuhi ile bado naiona, tena naiona polepole, jinsi mtu aonavyo vitu akisinzia mchana wa joto, jicho moja limefumba na jingine liko wazi.

Naitwa Martine. Nilizaliwa karibu na Butembo, na vita vilipotufikia mwaka wa sitini na nne nilivuka mto Lubiriha nikiwa na sufuria moja na rozari. Mume wangu alibaki nyuma kufunga mlango, ndivyo alivyosema, na sikumwona tena. Miezi ya kwanza upande wa Uganda tuliishi kwa mgao wa wakimbizi. Karani anakuja na daftari, anauliza, "Muko batu ngapi?" Hapo ndipo nilipopata elimu kubwa kuliko ile niliyopewa shuleni na masista. Aliyesema wawili alipewa ya wawili, na ya wawili haikumshibisha hata mmoja. Aliyesema watano alikula. Basi nami nikatia chumvi, nikawa na watoto watatu ambao hawakuzaliwa kamwe. Niliwapa majina ili nisijikwae mbele ya karani. Mdogo nilimwita Esperance, na Mungu anisamehe, kuna siku nilimwota akinawa miguu kizingitini, nikaamka nikimtafuta.

Mgao ukaisha. Wengine walirudi Kongo, mimi nikabaki Bwera, kwa sababu ya Kabugho.

Lazima nikueleze kwanza habari ya vidimbwi, la sivyo hutaelewa kitu. Muhogo wa kule ni mchungu. Ukiula hivi hivi utakuua. Unamenywa, unalowekwa majini siku tatu au nne mpaka ulainike, unaanikwa, unasagwa, ndipo unapata unga wa bundu, ugali wetu mzito wa kahawia. Kwa hiyo kila mwanamke ana kidimbwi chake kando ya kijito. Kilichimbwa na mama mkwe wake, au bibi wa huyo mama mkwe, kikazungushiwa mawe. Maji yanaingia huku na kutokea kule. Kidimbwi hakiuzwi. Chifu hawezi kukupa, padri hawezi kukupa. Anakupa mwanamke mwenzako, na akishakupa, wewe ni wa pale. Asiye na kidimbwi ni mgeni hata akizeekea pale.

Kabugho alikuwa mjane, mfupi, miguu imevimba, maneno yake machache. Siku moja alinikuta sokoni nikinunua unga pamoja na wake wa askari wa kambini, watu wa kaskazini ambao hawakuwa na mahali pa kuloweka. Akanitazama juu mpaka chini. "Unanunua unga kama askari," akasema. Alisema kwa Kikonzo chao, ambacho na Kinande chetu ni mtu na ndugu yake, kwa hiyo sikuweza kujifanya sikusikia. Akanishika mkono mpaka kijitoni, akaingia kwenye kidimbwi chake na magoti yale mabovu, akapanga mstari wa mawe katikati. "Huku kwangu, huku kwako." Nililia pale pale, mbele ya watu, na sioni aibu kusema.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita mkimbizi. Nilikuwa Martine wa kidimbwi cha Kabugho. Kibali cha serikali sikuwa nacho, na chifu wa gombolola, yaani tarafa yetu, alijua kuwa sina, lakini alikuwa akipita karibu nami kanisani anaangalia dari. Nilikaa hivyo miaka mitano, na ilikuwa miaka mizuri.

Sasa tufike kwenye lori.

Pale Kasese, karibu na stesheni ya reli, kulikuwa na ghala la mafuta la kampuni moja. Sisi tuliiita Taa Nyekundu, kwa sababu malori yake yalichorwa taa nyekundu mlangoni. Malori hayo yalipita Bwera kwenda kuvuka mpaka, yakipeleka mafuta ya taa Beni na Butembo. Juu ya kijito chetu barabara ilipita kwenye kalvati, na kalvati hiyo ilikuwa imebomoka nusu tangu mvua za mwaka uliotangulia. Serikali ilikuja, ikachomeka vijiti viwili vyenye majani, ikaondoka. Ndiyo matengenezo hayo. Na lori nalo lilikuwa kuukuu, magurudumu yamelika mpaka nyuzi zinaonekana. Basi asubuhi moja ya mwezi wa kwanza, mvua imenyesha mlimani, ukungu haujapanda bado, likateleza pale kwenye kalvati, likalala ubavu kwenye chanzo cha kijito, na tangi likapasuka. Dereva alitoka mzima, akaketi kwenye nyasi, akaomba maji ya kunywa.

Sisi huku chini hatukusikia kishindo. Tulisikia harufu kwanza. Halafu maji yakabadilika. Nisikudanganye, yalikuwa mazuri. Yalikuja na rangi ya zambarau, na kijani, na manjano ya dhahabu, yakifunguka na kujikunja kama kitenge kipya kinachotandazwa na muuzaji. Vipepeo walishuka kuyatazama, wengine hawakuruka tena. Jua lilipenya ukunguni, rangi zikapanda kwenye nyuso zetu. Nikamwona mwenzangu ana shavu la kijani, naye akinitazama akicheka. Vichwa vilikuwa vyepesi. Tulicheka bila sababu. Kuku wa jirani yetu Ezironi alipita akitembea upande upande, tukacheka tena. Nilihisi miguu yangu iko mbali sana, huko chini, kama ya mtu mwingine.

Na katika hali ile ile ya kulewa harufu nikafumbua kinywa changu. Ni mimi, si mtu mwingine. Nikasema, "Hii ni zawadi. Choteni."

Wakachota. Kwa vibuyu, kwa birika, kwa sufuria. Mafuta yanaelea, unayakomba juu kwa kibuyu, unapata nusu mafuta nusu maji. Mimi nilijaza birika moja. Birika moja tu, ukumbuke. Kabugho peke yake hakuchota. Alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa kidimbwi chetu, anakusanya matope kwa mikono miwili, anaziba. Hakuniambia nimsaidie. Nilimwona, na kwa ule wepesi wa kichwa nikaona ni mchezo. Matope yalizuia kidogo tu, halafu yakapasuka, na zile rangi zikaingia zikatandaa juu ya muhogo wake na wangu, taratibu, bila haraka yoyote.

Muhogo tulioutoa ulikuwa mweupe na laini, na ulinuka taa. Tulianika, tukasema jua litaondoa. Halikuondoa. Tulipika, watoto wakala kwa sababu watoto wana njaa, wakatapika, na wawili walipelekwa Kisinga kwa masista wa hospitali, wakarudi baada ya wiki wamekonda. Tukamwaga maji, tukasugua mawe, tukangoja maji mapya. Udongo wenyewe ulikuwa umekunywa. Ukikanyaga, rangi zinapanda tena kutoka chini ya mguu wako. Na tangi lilikuwa bado limelala pale juu chanzoni, zito, hakuna wanaume wa kulibeba, na kila mvua iliponyesha lilitoa kidogo tena.

Wiki ya tatu akaja mtu wa kampuni. Danieri, msimamizi wa lile ghala la Kasese, shati limepigwa pasi, sauti ya upole. Alikuwa na daftari.

Nilipoliona tu, mwili wangu wote ukakumbuka.

"Kampuni inataka kujua," akasema, "nani alichota mafuta, na kila mtu alichota ngapi. Msiogope. Tunataka tu kuandika."

Wenzangu walitazamana. Hawakuwa wamekaa kwenye mgao, hawakujua kitu. Mimi nilijua, au nilidhani najua. Nikapita kwa mmoja mmoja nikinong'ona: ongeza. Mtu wa daftari akiuliza ngapi, ongeza, hiyo ndiyo wanayotumia kugawa. Kadiri unavyosema nyingi ndivyo utakavyolipwa muhogo wako. Walinisikiliza, kwa sababu nilikuwa mtu aliyeona dunia. Ezironi siku ya ajali hakuwepo kabisa, alikuwa Karambi kwa wakwe zake, lakini alisimama kifua mbele akasema madebe sita.

Danieri hakuweza kuandika majina ya Kikonzo vizuri. Akaniuliza kama najua kuandika. Nilijua, masista walinifundisha mwandiko mzuri wa kulala. Basi daftari likawa mikononi mwangu. Huyu manne, huyu saba, huyu matano. Kwangu mwenyewe nikaandika madebe manane, sikupepesa hata jicho.

Kabugho akasema, "Mimi sikuchota."

"Mama Kabugho, sema tu."

"Sikuchota, Martine. Nilikuwa naziba."

Damu ilinichemka. Nilimwona mtu mzee mwenye kichwa kigumu anayekataa chakula chake. Nikamwandikia matano, nikamwambia ni orodha ya walioharibikiwa, aweke dole. Aliweka. Hajui kusoma, na alikuwa ananiamini. Lile dole naliona hata leo.

Mwezi mmoja baadaye chifu wa gombolola alituita akatusomea barua. Kampuni ilisema hivi. Mafuta yaliyomwagika ni madebe mia nne. Mafuta yaliyochotwa na wananchi, kwa orodha waliyoiandika wenyewe na kuitilia dole, ni madebe mia nne thelathini na moja. Kwa hiyo hakuna hata tone lililobaki majini. Kama muhogo unanuka, basi wananchi wameuweka vibaya nyumbani karibu na mafuta hayo waliyochukua. Yale madebe thelathini na moja ya ziada kampuni imewasamehe. Na chini yake kulikuwa na barua ya ofisi ya serikali ya Kasese: imeona orodha, imeridhika, faili limefungwa.

Unaweza kucheka. Hata mimi siku nyingine nacheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Wanawake waligeuka wakanitazama, wote. Wangenitukana ningejibu, kinywa ninacho. Walibeba vikapu vyao wakaondoka.

Waliokuwa na nguvu walianza kwenda kuloweka Karambi, kwenye vidimbwi vya watu, kwa kuomba. Kwenda na kurudi ni kutwa nzima, na mzigo wa muhogo uliolowa kichwani. Kabugho na miguu ile asingefika. Nilimkuta sokoni asubuhi moja, amesimama kwenye mstari pamoja na wake wa askari, anashika mfuko mdogo wa unga. Nikapita upande wa pili. Niliota vibaya wiki hizo. Nilikuwa naota kidimbwi kimejaa rangi zile, na kuna mikono chini yake inaziba, inaziba, na mimi niko juu naandika.

Mwezi wa sita nikafunga nguo zangu mbili, nikapanda basi la Kasese. Sikumuaga mtu. Nilikuwa nimeamua kusema ukweli kwa kampuni, kwamba orodha ni yangu na ni uongo, mafuta yapo majini, waje watoe tangi lao na wachimbe ule udongo. Nilijua nitaulizwa kibali. Nilijua sina. Wewe utasema nilikuwa na ujasiri. Sikuwa nao, nilikuwa nimechoka kutazamwa.

Basi lilishuka bondeni, na joto la tambarare likaingia madirishani. Swala walisimama kwenye nyasi za njano bila kutikisika. Ziwa la mbali lilikuwa halina mwisho, mbingu na maji rangi moja, na mlima nyuma yetu umefunikwa, hauonekani kabisa, kana kwamba tulitoka mahali pasipokuwepo. Nilisinzia, nikaamka, nikasinzia. Kila nilipoamka swala walikuwa wale wale.

Ghala la kampuni nililikuta na lango limefungwa. Mlinzi, mzee aliyekaa kwenye kopo lililopinduliwa, akaniambia, "Kampuni iliingia serikali, mama. Redio ilisema tangu mwezi wa tano. Uliza ofisi ile."

"Na Danieri?"

"Alienda Kampala kusomea kazi ya serikali."

Ofisi ile ilikuwa na meza moja, na nyuma ya meza kulikuwa na Bwana Muhwezi, mtu wa miwani, mpole, amechoka. Ndiye aliyetia sahihi ile barua ya kuridhika. Juu ya meza niliona mihuri miwili kando kwa kando. Mmoja wa serikali, wenye ndege yule mwenye kishungi. Mwingine una taa.

Tuliongea Kiswahili, kila mtu na chake. Nilimwambia jina langu na shida yangu. Akafungua kabati, akatoa faili.

"Mama, hii maneno ilikwisha."

"Ilikwisha ku karatasi, bwana. Ku maji haiyaisha."

"Watu yenu walichota yote. Iko hapa. Mia nne thelathini na moja."

"Ni miye niliandika. Ni bongo, si kweli. Angalia, mwandiko ni yangu." Nikachukua kalamu yake bila ruhusa, nikaandika jina langu kwenye karatasi ya kufutia wino. Akaweka karatasi ile karibu na orodha, akatazama moja, akatazama nyingine. "Nilisema madebe munane. Nilichota birika moja. Huyu Ezironi hakukuwa. Huyu Kabugho hakuchota hata tone, nilimudanganya aweke dole."

Muhwezi akavua miwani. "Unajua kudanganya serikali ni nini?"

"Najua."

"Na wewe ni mtu ya Kongo. Kibali iko wapi?"

"Sina."

"Sasa mbona umekuja? Ulikuwa umekaa vizuri. Hakuna mtu alikuwa anakutafuta."

Nikamweleza. Sikumweleza kwa akili, nilimweleza kwa hasira na machozi, nikipiga meza yake. Nilimweleza kidimbwi ni nini. Nilimweleza tangi linalotoa mafuta kila mvua, na mama mzee anayenunua unga kwa mfuko. Alisikiliza mpaka mwisho. Kuna mashine ya upepo iliyokuwa inazunguka darini polepole sana, na kila ilipozunguka pembe za karatasi ziliinuka kidogo, zikalala.

"Zamani," akasema, "mimi nilikuwa nasema ni makosa ya lori ya kampuni. Danieri alikuwa anasema ni makosa ya kalvati ya serikali. Hivyo tuliandikiana wiki kwa wiki. Ilikuwa rahisi. Sasa kampuni ni yetu. Mpaka watume mtu mwingine, mimi ndio nashika yote mbili. Nikiandikia kampuni itoe tangi, unajua barua inafika wapi?"

"Wapi?"

"Hapa. Kwa meza hii." Akacheka kidogo. "Nitajiandikia mimi mwenyewe, mama?"

"Jiandikie, bwana," nikasema.

Kicheko kikaisha. Nje treni ya kubeba shaba ilikuwa inavuta mabehewa, moja likigonga jingine, moja likigonga jingine, mpaka sauti ikapotea upande wa mashariki. Muhwezi alinitazama, halafu akatazama mihuri ile miwili. Nadhani alikuwa hajawahi kuiona kwa pamoja, ingawa ilikuwa mbele yake kila siku. Akavuta karatasi, akaandika kwa muda mrefu. Alipomaliza akagonga muhuri wa ndege, akagonga na wa taa, akanisogezea.

"Mimi siwezi kufungua faili bila sababu," akasema. "Lazima niandike sababu. Unaelewa?"

Nilisoma. Iliandikwa kwa Kiingereza, lakini masista hawakunipeleka shule bure, na kile nisichokielewa nilimuuliza. Ilisema kwamba Martine, mwanamke wa Kongo, asiye na kibali cha kukaa, amekiri kwamba orodha ya mafuta aliighushi yeye. Kwa sababu hiyo orodha imefutwa, kampuni itaondoa tangi na kuchimba udongo wa vidimbwi vyote, na serikali itajenga kalvati. Kwa sababu hiyo hiyo mwanamke huyo ataondoka Uganda katika siku saba. Chifu wa gombolola atekeleze yote. Karatasi moja, mistari tisa. Huwezi kukata juu ukabaki na chini.

"Nani atapeleka?" nikauliza.

"Wewe. Chifu akisoma atanipigia simu, nitatuma watu na mashine." Alikuwa anatazama dirishani. "Nakala sikuweka. Ni hiyo moja tu. Mimi mambo mengi nasahau, mama."

Nilielewa vizuri sana. Alikuwa ananifungulia mlango wa nyuma. Ningeweza kuichana njiani, nikashuka kwenye basi, nikaendelea kukaa Bwera mpaka nife, na tangi likaendelea kutoa. Hakuwa mtu mbaya, Muhwezi. Lakini mpaka leo hasira inanipanda nikimkumbuka, kwa sababu aliyemwaga alikuwa na mihuri miwili na ghala na malori, na aliyeharibu barabara alikuwa na bendera, na mwishowe jambo lote liliwekwa kwenye mkoba wangu, mimi niliyechota birika moja.

Kurudi, sikusinzia. Karatasi ilikuwa kwapani, nikiisikia kila basi liliporuka. Kisinga ilipita, na migomba, na watu wanaotoka shambani. Nilijaribu kuwaza Butembo na sikuona sura ya mtu. Niliwaza Bwera, na niliona kila mlango. Nikasema moyoni, Martine, ichane. Niliitoa kabisa. Nikaishika kwa mikono miwili, vidole gumba vimekutana katikati. Mwanamke aliyekaa karibu nami alidhani nasali, akasogea kunipa nafasi.

Nilishuka jua likiwa bado juu. Wanawake wetu walikuwa wanarudi kutoka Karambi, wamefuatana, vikapu vinavuja maji mgongoni mwao. Nilisimama kando wapite. Wa mwisho alikuwa msichana wa miaka kumi hivi, shingo inatetemeka kwa uzito, naye alinisalimia kwa adabu kama mtu anavyomsalimia mgeni.

Nikaenda kwa chifu. Nilimkuta anakunywa chai, nikampa karatasi.

Aliisoma mara mbili. "Unajua imeandikwa nini?" akaniuliza.

"Najua. Piga simu kabla sijabadili nia."

Alipiga. Niliketi pale mpaka nikasikia sauti ya Muhwezi ikisema ndiyo, ndiyo, anakumbuka.

Siku ya nne walikuja watu ishirini na mashine yenye mnyororo, mlangoni imechorwa taa nyekundu na juu yake bendera mpya. Walivuta tangi, wakaanza kutoa udongo mweusi, wakishuka kidimbwi kwa kidimbwi. Kabugho alikuja akasimama karibu nami. Chetu kilikuwa cha nane kutoka juu. Aliniuliza watafika lini, nikamwambia bado kidogo. Waliifanya kazi hiyo siku kumi na mbili. Mimi niliona nne, zile saba zangu zikaisha.